Mpira wa Kulalia

Mwaka huu nimelala katika duka la magodoro la pale Malindi mara nne, na katika hizo mara moja nilikoroma. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani anasikiliza mtu wa busara. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeshapita hamsini, nina kitambi cha kadiri na miwani ambayo kila asubuhi haijulikani ilipo. Sikuzaliwa mtaalamu wa magodoro. Utaalamu huu nilitiwa na mama yangu.

Mama anakaa Takaungu, peke yake, katika nyumba aliyoachiwa na baba. Mwaka juzi aliteleza uani akaangukia nyonga. Hakuvunjika, lakini alikaa pale chini tangu adhuhuri mpaka alasiri, hadi jirani yake alipokuja kuomba ndimu akamkuta. Aliponisimulia alikuwa akicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja tu duniani: mama ahamie kwangu Malindi, alale chini ya paa langu, na akianguka, aanguke mahali ambapo nitasikia.

Na mama hakukataa kuja, ndilo jambo lililonitia wazimu. Alikuja mara tatu. Mara zote tatu alilala siku mbili, na asubuhi ya tatu nikamkuta sebuleni, mzigo wake ameufunga kwenye leso, anangoja kupelekwa stejini. Chumbani alikuwa ameacha kitanda kitupu na shuka zimeshafuliwa, zinaning'inia kwenye kamba. Nikamwonyesha mke wangu zile shuka nikamwambia, unaona usafi wa wazee wetu. Mke wangu alizitazama akanyamaza.

Mara ya kwanza nilimwuliza mama kulikoni. Akasema, "Godoro lako linanimeza, mwanangu."

Mtu mwingine angeuliza swali la pili. Mimi nilikwenda dukani.

Lile godoro lilikuwa la sponji nyepesi, ukikaa ukingoni unajikuta umekaa juu ya mbao. Nikalitoa, nikanunua la sponji nzito, hii wanayoiita haidensiti, inchi nane, gumu la kuridhisha. Mama akaja, akalala siku mbili, akafunga leso. Safari hii akasema godoro halimmezi, linamtupa. Nikalihamishia chumbani kwetu, nikanunua la springi. Akaja, akalala siku mbili, akasema lina vyuma na vyuma vinasemezana. Kufikia hapo nyumba yangu ilikuwa na magodoro mengi kuliko watu, na mke wangu alianza kuwaambia wageni kwamba tunafungua gesti.

Kwake Takaungu mama analalia kitanda cha kamba na godoro la sufi. Sufi yenyewe huichambua kwa mkono wake kila mwaka, akaianika juani, akaipiga kwa ufito mpaka inanyanyuka. Mimi, pamoja na elimu yangu yote, niliamua kwamba tatizo lilikuwa ni kukosa kitu kinacholingana na sufi lakini kisichohitaji kupigwa kwa ufito. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye leteksi.

Mwenye duka ni mama mmoja wa bara, aliyeteremka pwani miaka mingi iliyopita na hajapata hata siku moja kulisamehe joto letu. Nilipomweleza shida yangu alinipeleka nyuma kabisa ya duka, akafungua zipu ya godoro moja, akanionyesha tumbo lake. Lilikuwa jeupe kama maziwa, limejaa vitundu vidogo vidogo kama uso wa mkate wa chila. "Mwalimu, hii si sponji," akaniambia. "Hii ni mpira. Mpira ya asili, inatoka kwa mti."

Nililiandama hilo neno kama kuku aliyeona punje. Mpira. Mti wenye utomvu, utomvu ukagandishwa, ukawa kitanda. Nikauliza maswali mpaka yule mama akaniletea kiti, kisha akakiondoa akaniambia nilale tu.

Kulala dukani kuna adabu zake. Kwanza unavua viatu, na hapo ndipo mji mzima unapojua soksi zako zimetoboka wapi. Kisha unalala chali. Mtu mzima aliyelala chali katikati ya duka, mikono kifuani, macho yakitazama dari, hana namna ya kuonekana mwenye heshima. Wazazi wa wanafunzi wangu walipita nje wakanisalimu kwa sauti ya chini, sauti ya msibani. Mmoja alirudi kuhakikisha.

Nililinganisha kama mwalimu anavyolinganisha. Nilikwenda na daftari na kalamu nyekundu. Niliyabonyeza magodoro kwa ngumi na kuhesabu yatachukua muda gani kuinuka. Sponji ya kawaida iliinuka shingo upande, na baadhi yake haikuinuka kabisa. Haidensiti iliinuka kwa kujivuta. Leteksi ilikuwa imekwisha kuinuka kabla sijatoa ngumi. Nikapima joto kwa kulala shati likiwa wazi mgongoni, jambo ambalo mwenye duka aliniomba nisilirudie. Nikanusa. Leteksi ilinukia ndara mpya. Nikanyanyua pembe moja ya godoro zima la leteksi nikasikia kiuno kinaniita kwa jina, maana lilikuwa na uzito wa gunia la chumvi ya Marereni. Mwishoni nilitoa alama. Sponji nikaipa thelathini. Haidensiti ilipata sitini na mbili, na pembeni nikaandika: ana uwezo, aongeze bidii. Springi niliifukuza darasani.

Kisha ukaja mjadala wa godoro zima au kigodoro cha juu. Kigodoro cha juu ni tabaka tu, inchi mbili au tatu, unalitandika juu ya godoro ulilonalo. Mwenye duka alisema kwa mtu mwenye nyonga mbovu afadhali chini pawe pagumu na juu pawe na mpira, asije akazama akashindwa kugeuka. Kwa kuwa magodoro magumu nilikuwa nayo ya kugawa, nikaona maneno haya ni hekima tupu. Hata hivyo nilirudi siku mbili zaidi kulala, mara juu ya inchi mbili, mara juu ya inchi tatu, na hapo kwenye inchi tatu ndipo nilipokoroma. Nikachagua cha inchi tatu.

Nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu. "Mama mwenyewe umemwuliza anataka nini?"

Nikamwambia mama haijui leteksi. Nikumbukapo jibu hilo natamani dari lingeniangukia wakati ule, kidogo tu, kwa kunitia adabu.

Kesho yake baada ya kazi nilisimama kwenye baraza la duka, kigodoro changu kimekunjwa kando yangu kama zulia la mtu mkubwa, nikampigia mama simu. Mama masikio yake yamechoka kidogo, kwa hivyo simu yake huiweka sauti ya kusikika na nyumba ya tatu. Mimi nilijua. Nilijua pia kwamba wakati huo wa alasiri akina mama wa mtaa hukaa barazani kwake wakisuka ukili. Yote nilikuwa nayajua, na hayakunisaidia chochote.

"Mama, shikamoo," nikasema, kwa sauti ya kumfikia bila simu. "Nimekununulia mpira wa kulalia."

Kisha akasema polepole, "Mpira?"

"Mpira, mama. Mpira safi kabisa, mnene, inchi tatu. Na hili joto lisikutie hofu. Lala usiku kucha, asubuhi utaamka mkavu."

Nilikuwa nazungumzia jasho. Naapa nilikuwa nazungumzia jasho.

Mwisho mama akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi sijafika huko, mwanangu."

"Najua hujafika," nikamjibu kwa furaha. "Nitakuja Jumamosi nikuchukue."

Simu ikakatika. Nikailaumu mitambo.

Siku zilizofuata hakupokea simu. Jumamosi nikaondoka asubuhi kwenda Takaungu, nimevaa shati la Idi, mkononi nina kipande cha leteksi cha ukubwa wa kiganja alichonikatia mwenye duka ili mama akibonyeze. Kwenye kona ya kwanza ya mtaa nikakutana na mzee aliyesoma na marehemu baba. Akanishika mkono akauweka mkononi mwake. Akanipa pole, akasema haya ni mambo ya Mungu, yatatufika sote. Nikamshukuru. Nilidhani anazungumzia uhamisho wa walimu, uliokuwa ukivuma siku hizo. Mbele kidogo mwanamke mmoja akanipa pole nyingine, na huyo akaongeza kwamba nimefanya vyema kumjali mama katika hali hiyo. Nikashukuru tena. Nilianza kuona Takaungu ni mji wa watu wapole sana.

Baraza la mama lilikuwa tupu na mlango umeegeshwa. Kabla sijapiga hodi, yule jirani wa ndimu alinivuta kando ya ukuta. Yeye ndiye aliyemkuta mama chini mwaka juzi, na tangu hapo hunisema kama mwanawe.

"Wewe ni mwalimu," akaniambia, "kwani Kiswahili wasomesha cha wapi? Mpira wa kulalia kwetu ni ule wa kutandikia kitoto kikojozi. Ama mgonjwa asojiweza. Umemtangaza mamako mji mzima, na kukauka umemtajia."

Nilisimama pale na kipande changu cha leteksi. Ni kweli, neno nilikuwa nalijua. Nimelelewa juu ya mpira huo, wekundu wake naukumbuka, na baridi yake mgongoni. Lakini nilikuwa nimelipata upya dukani kwa mama wa bara, limeoshwa, linatoka kwa mti, nikalibeba jinsi lilivyo mpaka barazani kwa mama yangu. Sijapata kuona haya namna ile tangu siku niliyosahau dua mbele ya watu.

Jirani akanieleza yaliyobaki. Mama hajatoka nje tangu siku ile. Ukili anasukia ndani. Nyumba ya nne kulikuwa na harusi, wakamletea mwaliko kwa mkono, akasema mguu unamwuma. Hakuna aliyemcheka, jirani akasema, na hilo ndilo baya zaidi, kwamba wote wanamhurumia.

Niliingia. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake cha kamba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikaanza kumweleza habari za utomvu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Miaka yote hii katika mji huu sijanyooshewa kidole," akasema. "Sasa nimenyooshewa, na kidole ni chako."

Nilikaa mkekani mpaka adhana ya alasiri. Nilipomaliza kuswali nikawaona akina mama wameanza kukusanyika barazani kwa jirani, maana kwa mama hapakaliki tena. Nikatoka nikawaendea.

Kwanza nilijaribu ukweli. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikatoa kile kipande, nikakipitisha mkono kwa mkono. Nikaeleza mti, vitundu, nyonga, inchi tatu. Nilifundisha vizuri, kuliko ninavyofundisha darasa la saba. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, wakakibonyeza, wakarudishiana. Kisha mkubwa wao akakishika, akakigeuza, akauliza kwa huruma, "Na maji hayapiti hapa kwenye vitundu?"

Hapo nikajua ukweli umeshindwa. Neno likishakaa barazani haling'oki kwa maelezo. Unaweza tu kulihamisha.

"Mama zangu," nikasema, "naomba radhi. Mpira ule si wa mama. Ni wangu mimi. Niliona haya kusema kwenye simu, nikamtaja mama, naye akanisitiri."

Mikono yote ikaacha ukili. Nilisikia kitu kama kikohozi nyuma ya mlango wa mama, mlango wa pili kutoka pale.

"Tangu lini, mwanangu?" mkubwa wao akauliza.

"Tangu mwaka jana," nikasema. Kisha, kwa kuwa mtu akianza kuvua nguo hana haja ya kubakisha soksi, nikaongeza kwamba hali imezidi tangu Ramadhani.

Sijawahi kupendwa na watu wengi kiasi kile kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa na dawa. Niliambiwa niache tikiti maji, niache madafu, nisilale kiubavu, nivae kikoi kizito. Mmoja alinishauri nioe mke wa pili, sikuelewa atasaidiaje. Chai ilipoletwa wote walimiminiwa vikombe vikajaa, changu kikaletwa nusu. Nikakitazama, nikamtazama mkubwa wao, naye akanitikisia kichwa kwa upole. Tangu siku ile hakuna nyumba ya Takaungu ambayo imenipa chai ikavuka nusu ya kikombe.

Niliporudi ndani mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alipoifunua macho yalikuwa na machozi kweli, lakini si ya kilio. "Mwongo mkubwa we," akasema. Jioni ile alitoka akaenda kuwapa pole ya kazi wenye harusi. Na kesho yake, bila kuombwa, akafunga leso yake tukaondoka pamoja. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko wa safari zote.

Siku ya kwanza Malindi akalala. Siku ya pili akalala. Asubuhi ya tatu niliamka na kwenda sebuleni nikiwa nimeshajitayarisha kushindwa, nikamkuta jikoni anamfundisha mke wangu kukuna nazi, kazi ambayo mke wangu anaiweza tangu akiwa na miaka sita. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Nilivimba kichwa. Ofisini mwa walimu niliwahutubia wenzangu juu ya leteksi mpaka mwalimu mkuu akaweka ratiba ya mazungumzo. Mwenzangu mmoja anayekaa Gede alilalamikia mgongo, nikamchorea tabaka za kitanda ubaoni kwa chaki za rangi. Niliwaambia wote kwamba siri ni kulinganisha, kwamba watu hununua magodoro kwa pupa.

Asubuhi moja nilifika getini mwa shule nikakumbuka miwani. Nikarudi. Niliipata mezani, nikawa napita jikoni kuelekea nje nikasikia sauti ya jirani yetu wa Malindi, mama mwingine wa bara, mwenye kuuza mboga, akizungumza juu ya ukuta wa uani.

"Mama, hiyo mpira ni ya nani?" alikuwa akiuliza. "Kuna mtoto amekuja?"

Kupitia upenyo wa mlango nikaona kamba ya nguo. Pameanikwa shuka, na kando ya shuka mpira, mwekundu, wa zamani, umepasuka pembe moja. Haukutoka Malindi. Ulikuja ndani ya ile leso kubwa.

"Wa mwanangu, mwalimu," mama akasema, bila kusita hata kidogo. "Maskini, tangu utotoni. Usimwambie kama nimekwambia."

Nilisimama na miwani mkononi. Shuka zilizofuliwa kila asubuhi ya tatu. Kitanda kitupu. Usafi wa wazee wetu. Hakuna godoro lililokuwa limemmeza, wala kumtupa, wala kumsemeza. Mama yangu alikuwa akitoroka kwangu kabla sijagundua, miaka miwili, akirudi kwenye nyumba ambayo akianguka hapana wa kusikia, na mimi nimelala dukani natoa alama. Lile neno nililolipiga kelele barazani kwake kwa ujinga lilikuwa kweli. Hasira niliyoona Takaungu ilikuwa ni hofu. Nililia pale jikoni, nasema bila haya, kimyakimya, nikiwa nimeshika friji.

Kisha nikajipangusa, nikavaa miwani, nikafungua mlango nikatoka. Mama aliniona, na mkono wake ukabaki juu ya kamba.

"Mama," nikasema, kwa sauti ya kuvuka ukuta, "ahsante kwa kunianikia. Kesho nitauanika mwenyewe."

Akachukua kibanio kutoka kwenye kamba, akakibana kwenye ile pembe iliyopasuka. "Nenda kazini," akasema, "utachelewa."

Jioni walimu wenzangu walikuja kumwamkia, maana habari zake niliwachosha nazo. Mama mwenyewe ndiye aliyemimina chai. Alizunguka nayo kwa mgeni mmoja mmoja, akijaza mpaka ukingoni, na alipofika kwangu akasita, akamimina nusu, akainua birika.

Mwalimu wa Gede akauliza kwa nini mwenye nyumba anapunjwa.

"Ndiyo kadiri yake," mama akasema.

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikanywa.